Watoto wa Pembeni ya Mfereji

Wamama wapenzi, wiki hii tuache kidogo habari za likelemba na za chanjo. Tangu nirudi Bukavu kuna ulizo moja linanifuata kila mahali, kanisani, sokoni Kadutu, hata kwenye kilio: "Kule Ulaya watoto wanakula, wanasoma, umeme hauzimiki. Sasa ni kitu gani kiliwatoa wengine kule kwenda kuua na kufa kwa jina la Mungu?" Naulizwa mimi kwa sababu niliishi Bruxelles miaka tisa, toka 2009 mpaka 2018, na nyumba tuliyopanga ilikuwa Molenbeek, komine ambayo televisheni za dunia nzima zilikuja kuipiga picha baada ya mashambulizi ya Paris ya tarehe 13 Novemba 2015. Mara nyingi nimejibu kwa vipande-vipande, mtu akiwa na haraka ya kupanda pikipiki. Leo nitajibu kwa marefu.

Kabla ya yote niseme neno moja. Katika shirika letu kuna wamama Waislamu, wengine asili yao Kasongo, wengine Uvira. Tumelala nao kwenye vilio, tumelea watoto pamoja. Wao hawana deni la kutueleza mambo ya watu wa Siria, kama vile mimi Mkristo sina deni la kueleza kila mtu aliyebeba msalaba shingoni na panga mkononi. Tena wengi waliouawa na lile kundi lililojiita Dola ya Kiislamu kule Iraki na Siria walikuwa Waislamu wenyewe.

Vijana wale wa Molenbeek walifikaje Ubelgiji? Hapo ndipo habari inaanzia, na sisi Wakongomani tunapaswa kuifahamu upesi, maana tunajua namna Wabelgiji walivyotafuta watu wa kushuka mashimoni. Kwao pia kulikuwa na mashimo, ya makaa ya mawe, na wenyeji hawakuyapenda. Wakaleta Waitalia. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ukawaka ndani ya shimo la Bois du Cazier, Marcinelle, karibu na mji wa Charleroi. Watu 262 wakafa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Italia ikakataa kuendelea kutuma watu wake namna ile. Ubelgiji ikatafuta mikono mahali pengine, na mwaka 1964 ikatia sahihi mapatano na Moroko na Uturuki. Wanaume wakaja, wengi toka vijiji vya milimani, wengi bila shule. Wakaleta wake zao, wakazaa.

Mwaka 1974 Ubelgiji ikafunga mlango wa wafanyakazi wapya. Mashimo yakafungwa moja-moja, la mwisho mwaka 1992 kule Limburg. Viwanda vya Molenbeek, vilivyokuwa vingi pembeni ya mfereji mkubwa wa meli, navyo vikafa. Vilvoorde, mji mdogo wa hapo karibu, Renault walifunga kiwanda chao cha magari mwaka 1997 na watu zaidi ya 3,000 wakapoteza kazi. Mzee aliyeitwa kwa ajili ya mikono yake akabaki nyumbani na kikohozi. Watoto na wajukuu wakabaki na pasiporti ya Ubelgiji na kazi hakuna. Mwaka 2015 karibu asilimia 40 ya vijana wa Molenbeek waliokuwa wanatafuta kazi hawakuipata. Na ukivuka daraja la mfereji, dakika tano kwa mguu, unaingia barabara ya Dansaert ambako koti moja linauzwa bei ya pango la mwezi mzima. Kila siku watoto wale walipita pale.

Lakini, wamama, umaskini peke yake haujibu ulizo letu. Kama umaskini ungekuwa unatosha, Bukavu yote ingekwisha kulipuka. Abdelhamid Abaaoud, aliyeongoza shambulio la Paris, baba yake alikuwa na duka la nguo, na kwa muda alimweka mtoto katika shule nzuri ya Kikatoliki kule Uccle, kartie ya matajiri. Muriel Degauque hakuwa Mmoroko hata kidogo. Alikuwa mwanamke mweupe wa huko Charleroi, alikuwa ameuza mikate dukani, familia yake Wakatoliki. Kaka yake alikufa katika ajali ya pikipiki, yeye akapotea katika maisha, akaolewa, akabadili dini, na mwezi wa Novemba 2005 akajilipua kule Iraki. Sasa huyo utasema ni kabila gani lilimtuma?

Wasomi wenyewe wanagombana juu ya jambo hili. Ufaransa kuna wazee wawili wa chuo, Olivier Roy na Gilles Kepel. Roy anasema vijana hawa walikuwa na hasira kwanza, kisha wakaivalisha dini kama koti. Kepel anasema hapana, tazameni mahubiri yenyewe, kuna watu waliopanda mbegu miaka mingi. Wamegombana vitabuni na magazetini. Mimi nilikaa ngazi moja na mama mwenye mtoto wa namna hiyo, na naona kila mmoja ameshika upande wake wa kitambaa kimoja.

Jirani yangu huyo alikaa juu yetu, etaji ya tatu. Sitamtaja jina. Mtoto wake alikuwa na miaka 19, alimaliza shule ya ufundi wa umeme. Niwaeleze shule ile, maana kwetu hatuna sawasawa nayo. Ubelgiji, mtoto akiwa na miaka 12 hivi au 14 anaanza kupangwa: huyu aende masomo ya kawaida yanayofika chuo kikuu, huyu ufundi, huyu kazi za mikono. Watoto wa wageni wanajikuta wengi sana upande ule wa mwisho. Mzazi anaitwa shuleni kuongea juu ya jambo hilo, na Kifaransa chake ni kidogo, kwa hiyo mtoto mwenyewe ndiye anayemtafsiria. Muwaze kidogo: mtoto anatafsiri maneno ya mwalimu juu yake mwenyewe! Anasema anachotaka. Na siku hiyo baba amekwisha kuwa mdogo machoni pa mtoto. Nimeona jambo hilo hata kwa familia zetu za Kikongo, mama akiwa komine, mtoto wa miaka kumi akijibu biroo kwa niaba yake kama yeye ndiye mkubwa wa nyumba.

Kijana yule alikuwa na adabu. Alinibebea maji ya chupa mpaka mlangoni, akiniita Mama. Aliandika barua nyingi za kutafuta mahali pa kufanya mazoezi ya kazi, na majibu yalikuwa hayaji. Siku moja aliniambia kwenye ngazi: "Mama, nikiwa Tanger wakati wa likizo wananiita Mbelgiji. Nikiwa hapa wananiita Mmoroko. Wewe angalau una kwenu." Nilicheka, nikamwambia kwetu kuna vita, asinionee wivu. Yeye hakucheka.

Mabadiliko yake, mama yake aliyapokea kwa furaha. Hilo ndilo ningependa mkae nalo. Aliacha sigara. Aliacha kurudi saa nane za usiku. Akaanza kuamka alfajiri kusali, na mama yake, ambaye miaka mingi alimwomba Mungu juu ya mtoto huyo, akaona sala zake zimejibiwa. Ni mama gani angelia? Baadaye kidogo akatoa picha za familia ukutani. Akakataa muziki, hata kwenye harusi ya dada yake. Akamwambia mama yake kwamba sala zake ni za desturi tu, za kijijini, si dini ya kweli. Akaacha kunisalimu mimi, na akamkataza mama yake kunipelekea sahani ya keki za Idi. Mama akaleta hata hivyo, kwa siri, chini ya kitambaa. Akaenda pia kwenye ofisi moja kusema kwamba mtoto anabadilika na kwamba anaogopa. Wakamwambia mtoto ana miaka 19, ni mtu mzima.

Aliondoka mwezi wa nne 2013, akaaga kwamba anakwenda kutembea na marafiki. Simu ya kwanza ilitoka Uturuki, ya pili ilitoka Siria.

Dini ile mpya aliipata wapi? Hakuipata kwa babu yake. Mwaka 1969 mfalme Baudouin, yule yule tunayemjua, aliwakabidhi Arabia Saudia msikiti mkubwa wa Bruxelles, jengo la serikali, kwa muda wa miaka 99. Ubelgiji ilitaka uhusiano mwema na nchi ya petroli. Wahubiri wakaja toka mbali, na mafundisho makali yasiyofanana na Uislamu wa wazee wa Moroko. Serikali iliuvunja mkataba huo mwaka 2018, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Sisemi kwamba msikiti ule uliwatuma vijana Siria. Nasema tu kwamba kijana aliyekuwa anatafuta dini kwa lugha anayoifahamu, Kifaransa au Kiflamandi, hakuikuta kwa imamu mzee wa kartie aliyehubiri Kiarabu. Aliikuta kwenye simu, kwenye vitabu vya bure, na kwa watu wa barabarani.

Na wale watu wa barabarani walikuwa na majina. Toka 2010 kundi la Sharia4Belgium lilikusanya vijana kule Antwerpen na Vilvoorde, kwanza kwa kelele sokoni, kisha kwa safari za Siria. Mkubwa wao, Fouad Belkacem, alihukumiwa miaka 12 mwezi wa Februari 2015. Kule kwetu Molenbeek alikuwako Khalid Zerkani, mzee mwenye ndevu ndefu. Vijana walimwita Papa Noël, kwa sababu aligawa pesa na zawadi. Pesa zenyewe nyingi zilitoka kwenye wizi ambao vijana hao hao walitumwa kuufanya, mikoba ya watalii na mizigo ya wasafiri. Korti ya rufaa ilimpa miaka 15 mwaka 2016.

Tazameni alichouza mtu huyo. Kijana aliyeiba simu kwenye metro aliambiwa: kuiba kwa wasioamini si dhambi, na dhambi zako zote za zamani zitafutwa kwa siku moja. Kijana aliyekosa kazi akapewa kazi. Asiye na kwao akapewa nchi. Mwenye baba aliyenyamaza mbele ya televisheni akapewa baba anayemwuliza kila siku amelala namna gani. Msichana aliyechoka kukatazwa na kaka zake na kuchekwa shuleni akaahidiwa ndoa na heshima. Mama zao waliwapa chakula na nguo safi. Mtu yule aliwapa cheo. Ndiyo sababu kundi lile lilikuwa na vijana ambao jana yake walikuwa walevi. Ndugu wawili Abdeslam, waliokuwa katika shambulio la Paris, walikuwa na baa yao Molenbeek, na watu waliketi pale wakivuta bangi.

Gereza nalo ni shule. Ndugu wawili Kouachi, walioua waandishi wa gazeti kule Paris mwezi wa Januari 2015, walikuwa yatima waliolelewa katika kituo cha watoto. Mdogo wao, Chérif, pamoja na Amedy Coulibaly aliyeua watu dukani siku zile zile, walikutana na mwalimu wao wa mambo hayo ndani ya gereza la Fleury-Mérogis. Waliingia wakiwa vijana wa makosa madogo na makubwa, wakatoka na kiongozi.

Vijana zaidi ya 400 waliondoka Ubelgiji kwenda Siria na Iraki, nchi yenye watu milioni 11 tu. Hakuna nchi nyingine ya Ulaya ya magharibi iliyotoa wengi hivyo ukilinganisha na idadi ya watu wake. Wengine wakarudi na silaha. Tarehe 22 Machi 2016 nilikuwa kazini katika nyumba ya wazee. Uwanja wa ndege wa Zaventem ukalipuka asubuhi, kisha metro ya Maelbeek, ile ninayopanda siku nyingine. Watu 32 wakafa. Simu hazikupita. Yaya yangu alipiga mara nyingi toka Bukavu akidhani nimekufa. Mimi niliyekimbia mabomu ya kwetu! Jioni, niliporudi, jirani yangu wa juu alikuwa amefunga madirisha yote. Wiki nzima hakushuka kununua mkate, mimi ndiye niliyempandishia. Kule nje, wanawake wenye kitambaa kichwani walikuwa wanatemewa mate.

Msidhani watoto wetu wa Kikongo walikuwa malaika kule. Matonge, kartie yetu pale Ixelles, miaka ya 2000 ilikuwa na makundi ya vijana wa Kikongo waliochomana visu, wao kwa wao, kwa sababu ya jina la barabara au la rafiki. Baba zao walikuwa na diploma za Kinshasa na walifagia maofisi usiku. Jeraha lilikuwa lile lile, ila aliyekuja kuwaita hakuwa na neno la dini mdomoni. Mama wengine waliwarudisha watoto Kinshasa kwa nguvu, kwa babu, ili wanyooke. Wengine walinyooka. Wengine walipotea Kinshasa.

Na huku kwetu? Wamama wa Beni wanaweza kutufundisha sisi wote. ADF, ambao toka 2019 mauaji yao yanatangazwa kwa jina la lile lile Dola la Siria, wamewachukua vijana wengi kwa kuwateka. Lakini wengine waliwaita kwa ahadi tamu za kazi na za masomo ya bure. Makundi mengine ya porini hayataji dini, yanataja nchi na mababu, na yanachukua mtoto yule yule: aliyemaliza diploma ya Serikali na ameketi kizingitini miaka mitatu, ambaye baba humwita mlaji bure mbele ya wageni.

Vilvoorde, mji ule wa kiwanda kilichofungwa, ulipoteza vijana 28 hivi kabla ya katikati ya 2014. Burgomesta wake, Hans Bonte, akaita mezani polisi, walimu, watu wa msikiti, watu wa kazi za vijana na familia zenyewe, wakawa wanaongea juu ya kila mtoto kwa jina lake: huyu amekosa shule, huyu ana deni, huyu hasalimiani tena na baba yake. Baada ya hapo kuondoka kukasimama karibu kabisa. Sheria kali zilikuwako pia, na mipaka ilikuwa imebanwa, siwezi kusema meza ile ilifanya yote. Lakini mama aliyekuja na hofu yake alikuwa sasa na mahali pa kuileta.

Wamama nao walijikusanya. Saliha Ben Ali ni mama wa Ubelgiji ambaye mtoto wake Sabri aliondoka mwaka 2013 akiwa na miaka 19. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mtu asiyejulikana akapiga simu akawapongeza wazazi kwa kifo cha mtoto. Akawapongeza! Mama huyo hakujificha. Alianzisha shirika, S.A.V.E. Belgium, akapita mashuleni kuongea na vijana, akaketi pamoja na mama wengine ambao hakuna aliyekuja kuwapa pole. Maana hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Mama wa mtoto aliyeuawa anapewa maua. Mama wa mtoto aliyekwenda kuua anageuziwa mgongo, na yeye pia amezaa kwa uchungu.

Jirani yangu alipata habari ya kifo mwaka 2016, kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna tarehe. Wamama wa kwetu wanaojua kilio bila maiti ni wengi, nami nilijua la kufanya: nikatandika mkeka nyumbani kwake, nikapika, nikalala pale siku tatu. Wanawake wawili tu wa etaji ya chini walipanda. Mmoja Mmoroko, mmoja mzee Mbelgiji wa miaka 80 aliyeleta supu.

Kijana alikuwa ameoa kule, na kuna mtoto wa kike. Bibi ana picha yake moja. Ubelgiji ilirudisha watoto 10 na mama zao toka kambi za Siria mwezi wa Julai 2021, na wengine 16 mwezi wa Juni 2022. Mara zote mbili alinipigia simu kabla ya kulala, kunieleza kwamba mjukuu hakuwamo. Anaendelea kuandika barua wizarani. Anaziandika mwenyewe kwa Kifaransa alichojifunza akiwa mzee, na binti yake humsahihishia.